MARADHI YA KUVU MIGUUNI NI SHAURI LA KAZI, SI AIBU YA MTU



Habari za mishahara zimeandikwa mara nyingi katika karatasi hii na zitaandikwa tena, maana hazijakwisha. Mara hii twataka kusema habari ya miguu. Twajua wako watakaocheka. Mwanachama mmoja aliposikia jambo hili likitajwa katika tawi aliuliza kama chama kimekosa la kusema hata kigombanie miwasho ya vidoleni. Tutamjibu, lakini kwanza na asome.

Kila asubuhi Feri huvusha watu kutoka Likoni kuingia kisiwani, na hesabu inayotajwa kwa siku nzima ni zaidi ya watu 300,000. Wengi wao ni wafanya kazi: makuli wa gatini, watu wa reli, mabawabu, mafundi, na akina mama wanaofagia maofisi kabla ya makarani kufika. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, mtu hushuka kwenye ule mteremko wa simiti miguu yake imekwisha lowa kabla kazi haijaanza. Kisha huitia miguu ile ile katika buti, hufunga kamba, na hukaa nazo saa nane au kumi, na wa zamu ya usiku hata kumi na mbili. Jua la Mombasa halikaushi buti iliyo na mguu ndani yake. Huupika tu ule mguu.

Humo ndimo kuvu inamostawi. Watu wengi huiita fangasi, na ikiwa kichwani kwa mtoto huitwa choa au mashilingi, kwa sababu huota duara kama shilingi. Kuvu ni jamii moja na uyoga, na ukungu wa mkate uliolala, na hamira inayoumua mahamri yetu. Si mdudu, wala si bakteria. Nyingi hazitudhuru, na nyingine zatufaa, kama huyo hamira tuliyemtaja. Lakini ziko chache zinazojua kula ngozi. Chakula chao ni keratini, yaani kile kitu kigumu kilichofanya tabaka la juu la ngozi, pamoja na kucha na nywele. Kuvu hizi hazihitaji jeraha kubwa. Zahitaji joto, unyevu na muda, na kati ya kidole cha mwisho na jirani yake, ndani ya buti, hupata vyote vitatu bila kulipa kodi. Ngozi hugeuka nyeupe kama iliyoloweshwa usiku kucha, hupasuka, huwasha, hunuka. Vipande vya ngozi vikianguka sakafuni huchukua mbegu za kuvu, na mbegu hizo huweza kukaa miezi zikingojea mguu wa mtu mwingine.

Sasa mwenye maradhi haya huambiwa nini? Huambiwa ni mchafu. Mnyapara humwambia hivyo, wenzake humwambia hivyo, na mwisho yeye mwenyewe huamini, akaficha miguu yake hata kwa mganga. Hapa ndipo tunapokataa. Tazameni wenyewe. Karani anayeoga mara moja kwa siku, avaaye viatu vyepesi na kukaa chini ya panka, miguu yake ni mizima. Mtu wa gengi la njia anayeoga asubuhi na jioni, ashindaye kokotoni na gambuti za mpira, miguu yake imepasuka. Kama uchafu ndio chanzo, mbona sabuni haikumwokoa huyu wa pili? Mtu aweza kujisugua mpaka ang'are, lakini akivaa buti ile ile aliyoivua jana ingali mbichi, amejisugua bure.

Si sisi wa kwanza kuliona jambo hili. Mwaka 1957 watafiti wawili wa Uingereza, Gentles na Holmes, waliandika katika gazeti la udaktari wa kazini habari za kuvu miguuni mwa wachimba makaa ya mawe. Hawakuwaandika kama watu wachafu. Waliwaandika kama wafanya kazi wenye ugonjwa, katika gazeti lililohusu magonjwa ya kazi. Mwaka uliofuata, 1958, huyo Gentles alionyesha kwamba dawa iitwayo griseofulvini, ikinywewa, huponya choa katika wanyama wadogo wa majaribio, na baada ya hapo ikaanza kuponya watu. Yaani dawa ya kumeza ambayo watoto wetu wamepewa miaka mingi kwa mashilingi ya kichwani ilipitia katika mikono ya mtu aliyejishughulisha na miguu ya wachimba makaa.

Tena jeshi la Marekani, lilipokuwa likipigana katika delta ya mto Mekong huko Vietnam mwaka 1968 na 1969, lilikuta askari wake wengi hawafai kwa kazi kwa sababu ya ngozi ya miguu na miundi iliyoharibika kwa maji ya mashamba ya mpunga. Walichunguza viatu na soksi, na makamanda wakaona inafaa askari asikae majini zaidi ya saa 48 mfululizo kabla ya kutolewa akauke. Jeshi halina huruma nyingi, twalijua hilo. Lakini lilijua kuhesabu, na hesabu ikaonyesha kwamba mguu mkavu ni shauri la mkubwa anayepanga kazi, wala si la askari peke yake.

Sasa kwa yule mwanachama aliyecheka. Mwenzetu mmoja, mtu wa njia ya reli, alikuwa na ufa mdogo tu kati ya vidole vya mguu wa kushoto. Aliuchukua mwaka mzima. Mahali pake pa kazi, ambapo hatutapataja, hapakuwa na pa kukaushia buti, na jozi aliyopewa ilikuwa moja. Asubuhi moja mguu ulimfura mpaka gotini, mwekundu, wa moto, na homa ikampanda akawa anatetemeka. Daktari alimwambia kwamba kuvu yenyewe haikufanya vile. Kuvu ilifungua mlango tu, na bakteria wakaingia kwa mlango ule. Alilala hospitali, akapona kwa dawa za mshipani. Aliporudi kazini alikuta siku zake zimeandikwa kuwa hakufika bila ruhusa, naye ikambidi ahangaike na karatasi za hospitali wiki mbili ndipo mshahara wake urudishwe. Huyu alikuwa kijana, mwenye damu nzuri. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari mambo ni mabaya zaidi, maana huenda asiusikie ufa wenyewe, na kidonda kikikataa kupona aweza kukatwa kidole au mguu. Hesabuni katika karakana yenu ni wangapi waliopita miaka arobaini na wana sukari, halafu mtuambie kama jambo hili ni la kuchekwa.

Kuna jambo jingine ambalo haliko kwa mwajiri, liko kwetu na kwa wenye maduka, nalo latutia hofu kuliko buti. Ni zile krimu za kuchanganya. Mtu mwenye kuwashwa huenda dukani akasema, nipe dawa ya fangasi, akapewa mrija wenye dawa ya kuvu iliyochanganywa na steroidi kali, ya jamii ya betamethasoni. Steroidi hutuliza mwasho usiku ule ule, mtu akasifu dawa. Lakini steroidi hulaza askari wa mwili, na kuvu hujiendea chini ya ngozi iliyonyamaza, ikaenea mpaka mapajani na kiunoni, na ikirudi haina tena ile duara yake, hata daktari akashindwa kuitambua upesi. Steroidi za namna hiyo humo pia katika krimu nyingi za kujichubua, basi anayejichubua na mwenye fangasi huenda wakawa wanapaka kitu kimoja. Huko India krimu za mchanganyiko zimetumiwa ovyo kwa miaka mingi, na imezuka kuvu ya choa isiyosikia dawa ya terbinafini, ambayo ndiyo iliyokuwa tegemeo. Mwaka 2020 wataalamu waliipa jina lake, na mwaka 2023 ikatangazwa kuonekana New York. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kufundishwa umbali wa India na kwetu. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo mbili kabla reli haijawako.

Dawa sahihi za miguu si ghali wala si siri. Krimu ya klotrimazoli peke yake, bila kuchanganywa, hupakwa mara mbili kwa siku mpaka wiki nne, na mtu asiache siku mwasho unapokwisha, maana kuvu haijafa bado, imenyamaza tu. Terbinafini ya kupaka humaliza upesi zaidi. Marhamu ya Whitfield, ya asidi ya benzoiki na asidi ya salisili, ni ya zamani sana na ingali inafaa kwa mwenye pesa kidogo, ila isipakwe penye ufa mbichi, itachoma. Kucha zilizooza hazisikii krimu. Hizo zataka vidonge vya terbinafini kwa muda wa wiki kumi na mbili hivi kwa kucha za miguu, na vidonge ni vya kuandikiwa na daktari. Mtu asinunue vidonge vya ketokonazoli mkononi. Ulaya iliviondoa mwaka 2013 kwa sababu vilidhuru maini ya watu. Mwenye choa cha kichwani, mtoto au mkubwa, naye apelekwe kliniki, kwa sababu krimu haifiki kwenye shina la unywele.

Twaandika habari ya miguu kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, lakini kuvu haina mlango mmoja. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa Oktoba 2022 orodha yake ya kwanza ya kuvu zinazowatisha watu zaidi, aina 19. Moja ya zile za juu kabisa hukaa katika udongo na katika mavi ya njiwa. Tunawajua njiwa wa maghala na wa mapaa ya karakana. Mtu mzima huvuta vumbi lile na mwili wake ukaishinda kuvu pasipo yeye kujua. Lakini aliyepungukiwa nguvu kwa ukimwi, naye hapati dawa zake, huweza kushikwa ubongoni: kichwa kuuma siku nyingi bila kuacha, macho kuona viwili viwili, kisha kupotewa na fahamu. Hesabu ya mwaka 2020 ilikadiria vifo 112,000 duniani kwa njia hiyo, na sehemu kubwa yao Afrika. Mwaka 2022 kukatoka habari njema kutoka katika uchunguzi uliofanywa Uganda, Malawi na nchi nyingine tatu za kusini, kwamba sindano moja kubwa ya amfoterisini ya namna mpya, pamoja na vidonge, yafanya kazi sawa na siku saba za sindano za zamani, na bila kumuumiza mgonjwa kiasi kile. Basi mwenzetu akilalamika kichwa wiki mbili asiambiwe ni uchovu wa zamu. Na anayefagia mavi ya njiwa apewe maji ya kulowesha kwanza na kitambaa cha kufunika pua. Mara nyingi kazi hiyo hupewa kibarua wa siku, asiye na kadi ya chama.

Vilevile mtu aliyepona kifua kikuu, akaanza tena kukohoa na kutema damu, na makohozi yake yakipimwa hayaonyeshi kifua kikuu, huenda ana kuvu iliyofanya makao katika tundu lililoachwa pafuni na ugonjwa wa kwanza. Amwambie daktari waziwazi kwamba aliwahi kuugua.

Na mahindi. Hii si kuvu ya kuota mwilini, ni sumu inayotolewa na kuvu, lakini hatuwezi kuiacha kwa kuwa mahindi mengi ya nchi hii yamepita mabegani mwetu na katika mabehewa yetu. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, na kwingine Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa ini lililoharibiwa na aflatoksini. Walikula mahindi yao wenyewe, yaliyowekwa ndani ya nyumba hayajakauka. Mahindi na unga vilipopimwa madukani na sokoni, zaidi ya nusu ya vilivyopimwa vilizidi kipimo kilichoruhusiwa wakati ule. Kupika hakuondoi sumu hii, na ugali wake hauna ladha mbaya ya kumwonya mtu. Basi mpakuzi akikuta magunia yaliyolowa na yenye moto ndani na ukungu wa kijani, asiyapange chini ya makavu ili hesabu ya behewa itimie. Ayataje. Na akiyataja asifukuzwe. Hilo la pili ndilo linalohitaji chama, maana la kwanza kila mtu alijua tangu zamani.

Rafiki zetu wenye kutawadha wametuuliza kama kuosha miguu mara tano kwa siku kwaongeza maradhi. Hakuongezi. Kinachoongeza ni kuitia buti miguu ingali maji kwa sababu kengele imelia na fomeni amesimama mlangoni. Kitambaa kikavu na dakika tatu zatosha. Tungependa dakika hizo tatu ziandikwe katika mapatano, zisiachwe kwa hisani ya fomeni mwenye roho nzuri, kwa kuwa mafomeni hubadilishwa.

Sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na pia mahali pa kunawa na mahali pa kuweka nguo. Yasema tena kwamba penye watu ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye watu wa pande zote mbili. Mahali pengi kamati hiyo ipo ukutani kwenye karatasi, na haijakutana tangu ilipopigwa picha. Sisi hatuombi sheria mpya. Twaomba kamati ikutane, na siku ya kwanza ianze na buti: jozi mbili kwa kila mtu anayefanya kazi ya maji na mvua, ili moja ikauke siku moja nzima wakati nyingine inavaliwa. Jozi moja hata ikiwa ya ngozi bora haiwezi kukauka usiku mmoja katika hewa ya kisiwa hiki. Soksi za pamba zitolewe pamoja na buti. Chumba cha kukaushia kiwe na kamba na panka, na hilo ni jambo dogo kwa watu wanaoendesha gari la moshi mpaka Nairobi.

Bafu nazo tuziseme kwa uangalifu. Wako wenzetu wanaodhani tukipata bafu mambo yamekwisha. Bafu ya watu wengi yenye sakafu isiyosuguliwa na isiyokauka ndiyo soko la kuvu, mmoja akiileta wote wanaichukua. Kwa hiyo tukidai bafu tudai na mtu wa kuisafisha kila zamu, mwenye dawa, gambuti na glavu zake, naye alipwe. Na sisi wenyewe tuache ile desturi ya kandambili moja mlangoni ya kuvaliwa na kila aingiaye, na taulo moja kwa watu wanne. Udugu si wa namna hiyo.

Yule mwanachama atasema bado, mishahara kwanza. Twamkumbusha Januari 1947, wafanya kazi wapata 15,000 wa mji huu, wa bandari na wa reli pamoja, walipoweka kazi chini. Kabla ya siku hizo mshahara ulipimwa kana kwamba kila mtu mjini hana mke wala mtoto, na shida ya pa kulala ilihesabiwa kuwa shauri la mtu mwenyewe na jamaa zake. Baada ya mgomo likaundwa baraza la kuamua, na mshahara ukapanda. Waliogoma hawakutenga mshahara upande mmoja na maisha ya mwili upande mwingine. Mtu aliyelazwa kwa mguu uliofura, siku zake zikakatwa, huyo amepunguziwa mshahara sawasawa na yule aliyenyimwa nyongeza, isipokuwa huyu wa mguu hana wa kugoma pamoja naye.

Karani wa tawi anaandika orodha kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Hatutaki kutazama miguu ya mtu mbele ya watu, na jina la mgonjwa halitasomwa mkutanoni. Twataka mambo manne tu katika kila karatasi: kazi unayofanya, saa unazokaa na buti, jozi ngapi ulipewa na lini, na siku ulizokosa kazi kwa ajili ya miguu. Wasiojua kuandika wamwone mjumbe wao wa karakana wakati wa chai. Vibarua nao waandike, wenye kadi na wasio nayo. Karatasi zitakazopatikana zitafungwa pamoja na barua ya kuitaka kamati ikutane, na nakala moja itapelekwa kwa idara ya serikali inayosimamia usalama na afya kazini, ili wakija kukagua wajue mlango wa kuanzia.